JE, NI VEMA MTOTO ALIPWE FEDHA ILI AFAULU MTIHANI?



Safari hii sitaandika juu ya kufunga na kuomba, wala juu ya ndoa. Nataka tutafakari pamoja swali ambalo limeleta maneno mengi kati ya wazazi, na hata kati ya wazee wa kanisa.

Mnajua kwamba jamaa zetu wengi waliohamishiwa Marekani wako katika jimbo la Texas. Baadhi yao wametuletea habari kwamba huko ziko shule zilizowahi kuwalipa wanafunzi wa sekondari dola kwa kufaulu mitihani migumu. Sasa wamependekeza kwamba na sisi hapa makazini tufanye vivyo hivyo. Wao watatuma mchango, na kanisa litamkabidhi fedha kila kijana atakayefaulu vizuri senior four au senior six.

Wengine wamesema, "Ni baraka, tuipokee." Wengine wamesema, "Hapana, huko ni kuwanunua watoto. Simoni mchawi naye alitaka kuleta fedha mahali pasipo pa fedha." Kabla ya kikao cha wazee, naomba kila mzazi asome haya kwa utulivu, halafu apime.

HABARI YENYEWE ILIVYOKUWA

Kwanza tuielewe habari kama ilivyo, tusije tukaihukumu kwa kusikia tu.

Marekani kuna masomo yanayoitwa Advanced Placement, kwa kifupi AP. Ni masomo ya kiwango cha chuo kikuu yanayofundishwa sekondari. Ugumu wake tunaweza kuulinganisha na senior five na senior six za hapa Uganda. Mtihani hufanyika kila mwaka mwezi wa 5, na alama ni kuanzia 1 hadi 5. Anayepata 3 au zaidi huhesabiwa amefaulu, na vyuo vikuu vingi humpunguzia masomo ya kusoma atakapofika chuoni.

Shida ilikuwa hii: katika shule za watu maskini, ambako wanafunzi wengi walikuwa Weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, vijana wachache sana waliingia masomo hayo. Mwaka 1996, katika mji wa Dallas, mpango ulianzishwa katika shule 10 kwa fedha za wafadhili binafsi. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa AP alipewa kati ya dola 100 na 500 kwa kila mtihani. Mwalimu wake naye alilipwa kwa kila mwanafunzi aliyefaulu. Baadaye mpango ulienea katika shule nyingine za Texas.

Mchumi mmoja, C. Kirabo Jackson, alichunguza matokeo. (Ninyi mnaosikia Kiganda mnajua kwamba kirabo ni zawadi. Jina limeangukia mahali pake!) Aliona kwamba katika shule zilizoingia mpango huo, idadi ya wanafunzi waliopata alama za juu katika mitihani ya kuingilia chuo iliongezeka kwa karibu asilimia 30. Walioingia chuo kikuu waliongezeka kwa karibu asilimia 8. Alipowafuatilia miaka ya baadaye, aliona pia kwamba wengi wao walidumu chuoni na kupata kipato kikubwa zaidi kazini.

Kwa hiyo, ndugu, asiwepo wa kusema kwamba jambo hili halijawahi kuzaa matunda. Limezaa. Tunachopaswa kujua ni kilichozaa matunda hayo, na kama mtoto anabaki mzima moyoni.

JE, KUTOA ZAWADI NI DHAMBI?

Tukifungua Maandiko tunaona kwamba zawadi si kitu kigeni kwa watu wa Mungu. Kalebu aliahidi kumwoza binti yake Aksa kwa mtu atakayeuteka mji wa Kiriath-seferi, naye Othnieli akauteka (Yoshua 15:16-17). Mfalme Sauli aliahidi utajiri kwa atakayemwua Goliathi, na Daudi mwenyewe aliuliza atapewa nini mtu huyo (1 Samweli 17:25-26). Torati inakataza kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Mithali 16:26 inakiri waziwazi kwamba njaa ya mfanyakazi ndiyo inayomsukuma kazini. Na Waebrania 11:26 inatueleza kwamba Musa naye aliyatazamia malipo yaliyo mbele.

Basi aliyesema kwamba hii ni dhambi ya Simoni mchawi, naomba alitazame upya andiko lile. Simoni alitaka kununua kipawa ambacho hakikuwa cha kuuzwa. Mzazi anayempa mwalimu bahasha ili mtoto wake aongezewe alama, huyo ndiye ndugu wa Simoni. Yeye ananunua alama zenyewe. Lakini kijana aliyekesha na kitabu hadi akafaulu kwa haki, kisha akapewa kitu mkononi, hajanunua chochote. Jasho lake limeheshimiwa. Tusichanganye rushwa na zawadi.

Hata hivyo, tumtazame tena Daudi. Aliuliza juu ya malipo, ndiyo. Lakini aliposhuka bondeni kumkabili yule jitu, hakuyataja tena. Alilitaja Jina la Bwana wa majeshi. Malipo yalimfanya asikilize habari, lakini kilichomshusha bondeni ni kingine kabisa. Mtoto akiwa na malipo tu, bila kile kingine, siku malipo yatakapokoma naye atakoma.

SISI TULIOTOKA KONGO TUNALIJUA NENO MOTIVASHENI

Najua kwa nini wazee wengine wanaogopa. Sisi tuliotoka Kongo tumelijua neno "motivasheni" tangu zamani, na kwetu halina maana ya moyo wa bidii. Maana yake ni fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokuwa haina thamani tena na migomo ikafunga shule, wazazi walianza kuchanga ili mwalimu aweze kula na kurudi darasani. Ulikuwa msaada wa muda tu. Lakini muda ukawa miaka, na miaka ikazidi ishirini. Mtoto ambaye hakuleta motivasheni alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Ni hapo Septemba 2019 ndipo serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma zitakuwa za bure.

Sisemi kwamba wazazi wale walikosea. Bila wao shule nyingi zingekufa. Lakini mambo yale yanatufundisha kwamba fedha ikishaingia mahali haitoki kirahisi. Leo ni zawadi, kesho watu wanaidai kama haki, kesho kutwa imekuwa bei. Kwa hiyo tukitaka kuingiza fedha katika masomo ya watoto wetu, tujue mapema inaingilia mlango gani na itatokea wapi.

MALIPO AMBAYO HAYAKULETA KITU

Sasa tusikie upande wa pili. Kuanzia mwaka 2007, mchumi mwingine wa Marekani, Roland Fryer, alijaribu kuwalipa watoto katika miji kadhaa. Huko New York watoto wa darasa la nne na la saba walilipwa kwa alama walizopata katika mitihani ya majaribio. Huko Chicago wanafunzi wa darasa la tisa walilipwa kwa alama za masomo yao: dola 50 kwa A, dola 35 kwa B, dola 20 kwa C. Watoto walifurahi sana. Lakini walipopimwa kwa mitihani ya kulinganisha shule, matokeo hayakupanda.

Huko Dallas alifanya tofauti. Watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma, wakishajibu maswali mafupi kuonyesha kwamba wamekielewa. Hakuna aliyeulizwa amekuwa wa ngapi darasani. Watoto hao uwezo wao wa kuelewa wanachosoma ulipanda.

Kwa nini dola 2 za Dallas zilishinda dola 50 za Chicago? Watoto wa New York walipoulizwa wangefanya nini ili wapate alama zaidi, walitaja mambo kama kusoma swali kwa makini na kuhakiki majibu. Hawakutaja kumwuliza mwalimu wala kujifunza zaidi nyumbani. Waliitaka fedha kweli, lakini njia ya kuifikia hawakuijua. Ukimwambia mtoto "soma kitabu hiki," anajua pa kuanzia. Ukimwambia "pata A," labda hajui.

Ni sawa na kumsimamisha mtu ukingoni mwa mto usio na daraja, ukamwambia, "Ukivuka nitakupa mbuzi." Anayejua kuogelea atavuka, na huenda angevuka hata bila mbuzi. Asiyejua atabaki palepale, au atazama.

Basi turudi kwenye mpango wa Texas. Kumbe kule hawakuahidi mbuzi tu, walijenga na daraja. Walimu walipelekwa mafunzoni. Wanafunzi waliongezewa vipindi nje ya saa za shule, hata Jumamosi. Ada ya mtihani ilipunguzwa. Walimu wa madarasa ya chini waliandaliwa ili mtoto asifike juu akiwa mtupu. Na washauri wa shule walianza kuwaita vijana ambao zamani hakuna aliyewaita, wakiwaambia, "Na wewe unaweza somo hili." Waliojua mambo ya shule zile walieleza kwamba kuitwa huko, pamoja na kujua faida ya masomo yenyewe, kulibadilisha mengi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana ushuhuda. Mwaka 2001 na 2002, katika wilaya za Busia na Teso, ulifanyika mpango kwa wasichana wa darasa la sita. Waliofanya vizuri katika mtihani, wapatao asilimia 15 wa juu, walisaidiwa kwa miaka miwili iliyofuata. Kila mwaka shilingi 500 zililipwa shuleni kwa ajili ya karo, na shilingi 1,000 walipewa wazazi kwa mahitaji ya shule. Tena wasichana hao walipongezwa hadharani mbele ya wazazi na walimu. Huko Busia alama za wasichana zilipanda. La kushangaza, hata wavulana, ambao hawakuwa na zawadi yoyote ya kushindania, nao walipanda, na walimu walipunguza utoro. Jamii nzima ilikuwa imeamka.

Tazameni zawadi hiyo ilikwenda wapi: sehemu shuleni, sehemu kwa wazazi. Ilimlipia mtoto hatua ya safari inayofuata.

HATARI ZA MOYONI

Mwaka 1973 wataalamu wa saikolojia huko Marekani waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora. Baada ya wiki moja au mbili, waliporudi kwenye michezo yao ya kawaida, watoto wale walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Wengine walipewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, kwa kushtukizwa. Hao hawakupungukiwa na hamu. Mtoto aliyezoea kuchora kwa sababu anapenda alianza kuona kuchora ni kazi ya malipo. Hatari hii ni kubwa kwa jambo ambalo mtoto tayari analipenda. Basi kijana ambaye tayari anapenda hesabu, tuwe waangalifu tusimfundishe kuiuza.

Hatari ya pili ni udanganyifu. Katika mji wa Atlanta, ambako malipo na sifa za walimu zilifungwa na alama za watoto, uchunguzi wa jimbo uliotolewa mwaka 2011 ulitaja walimu na wakuu wa shule 178 katika shule 44. Walihusishwa na udanganyifu, ukiwamo kufuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Wale walikuwa na mishahara na nyumba. Sisi tunaoishi kwa mgao, ambao tangu mwaka 2023 umekuwa ukitolewa kwa makundi ya uhitaji na kupungua, tujiulize jaribu hilo lingekuwa na uzito gani kwetu.

Hatari ya tatu ni aibu ya aliyeanguka. Kanisa likiwaita mbele watano na kuwapa bahasha, wale kumi waliobaki kwenye viti wamehubiriwa nini siku hiyo? Kuna mtoto atakayetoka hapo akifikiri kwamba hata nyumbani mwa Mungu mtu anathaminiwa kwa alama. Sisi tunaohubiri neema kila Jumapili tusibomoe kwa mkono wa kushoto tunachojenga kwa mkono wa kulia.

WATU WA SAA KUMI NA MOJA

Sasa tuje hapa makazini. Tukitoa zawadi mwishoni tu, itaangukia nani? Tuseme kweli. Itamwangukia kijana ambaye nyumbani kwao kuna taa ya sola, karo imelipwa mapema, na hakuna mtoto mchanga wa kumbeba. Huyo anastahili pongezi, simnyimi. Lakini msichana anayepanga foleni ya maji alfajiri, anayefika shule kipindi cha pili, na ambaye mama yake alianza kuuza sehemu ya mgao ili amlipie ada ya mtihani, yeye ahadi ya fedha ya mwakani haimwashii taa leo usiku. Na yule aliyeacha shule senior two kwa kukosa karo hata kwenye mashindano hayumo.

Mnakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya shamba la mizabibu, Mathayo 20. Mara nyingi tunahubiri juu ya dinari na manung'uniko. Leo tazameni wale wa saa kumi na moja. Mwenye shamba aliwauliza kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi. Hawakuwa wavivu. Jibu lao lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Na mwenye shamba alifanya nini? Hakubaki langoni akisubiri atakayefika kwanza ampe tuzo. Alitoka mwenyewe mara tano hadi sokoni kuwaita. Malipo yalikuja jioni, lakini wito ulitangulia.

Hapo ndipo ninaposimama, wapendwa. Siyakatai malipo ya jioni. Ila kanisa linalotoa malipo ya jioni bila kutoka asubuhi kwenda kuita, limemwacha mtu wa saa kumi na moja sokoni.

MAPENDEKEZO YANGU KWA KIKAO

Najua jamaa zetu walioko ng'ambo wana hofu yao, nayo ni ya haki. Wanasema, "Tukituma fedha za karo zinaweza kuliwa njiani. Zawadi ya matokeo haidanganyi, kwa maana matokeo yanaonekana." Ni kweli kwamba kuna michango iliyowahi kupotea. Lakini dawa yake ni risiti na uwazi. Tusimhamishie mtoto mzigo wa kuthibitisha kwamba watu wazima ni waaminifu.

Wengine watasema, "Mkilipia tu karo, mtazaa uvivu." Nao wana hoja, na ndiyo sababu napendekeza haya:

1. Fungu kubwa la mchango liende kwenye ada za mitihani na masalio ya karo. Lilipwe moja kwa moja shuleni, na risiti zibandikwe kwenye ubao wa kanisa watu wote waone.

2. Fungu la pili lijenge daraja: posho ya walimu wa kujitolea kila Jumamosi, na taa za sola katika jengo la kanisa ili watoto wasome jioni. Wasichana wawe na mtu mzima wa kuwasindikiza nyumbani.

3. Kukiwa na malipo madogo kwa watoto, yawe kwa jambo ambalo kila mtoto anaweza kulifanya akiamua: kitabu alichosoma na kukisimulia, au wiki za kumfundisha mdogo wake kusoma. Tusilipe kwa kushika namba.

4. Baada ya matokeo tufanye ibada ya shukrani. Wote waliofanya mtihani wasimame, si waliofaulu tu. Aliyepata nafasi ya kuendelea tumsaidie kwa mahitaji ya hatua inayofuata, kama walivyofanya Busia. Na aliyeanguka tumwite kwa jina na kumwuliza, "Mwakani tunaanzia wapi?"

Wazazi wapendwa, kuna malipo mengine ambayo hayahitaji mchango kutoka Texas. Baba akikaa dakika kumi na mtoto amwonyeshe alichojifunza leo, hata kama baba mwenyewe hajui Kiingereza, mtoto huyo amelipwa. Mama akimpunguzia binti ndoo moja ya maji wiki ya mtihani, amemlipa. Mtoto anayejua kwamba kuna mtu anangoja kusikia habari za somo lake, huyo ana sababu ya kusoma hata mwaka ambao hakuna bahasha.

Tuliacha mashamba, nyumba na makaburi ya wazee wetu. Elimu ya watoto ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo tukilazimika kuondoka tena tutaondoka navyo. Kwa hiyo tusishindane kwa hasira katika jambo hili. Njooni kikaoni mkiwa mmeomba, kila mtu aseme lililo moyoni mwake, na tukikubaliana, tukubaliane kama ndugu.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo, na upendo wa Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu ukae nanyi nyote. Amina.

Ni mimi mtumishi mwenzenu katika safari hii,
Mchungaji wenu.